Moyo Uliokataa Kukimbia

"Mfuko wa tatu uko wapi?"

Inspekta Zamzam Mkwinda aliuliza kwa sauti ileile anayoulizia bei ya nyanya, na Daktari Joyceline, aliyeketi mbele yake katika chumba cha mahojiano, akajibu kama alivyojibu jana.

"Nilimrudishia mwenyewe, afande. Miwili ilibaki. Wa tatu nilimrudishia."

Daktari huyo wa usingizi alikuwa amelala mahabusu usiku mmoja tu, lakini mahabusu haihitaji zaidi ya huo kumzeesha mtu. Nywele zilikuwa zimemtimka na miguuni alivaa kandambili za kuazima. Tangu juzi Kariakoo yote ilijua kwamba Polycarp Mushi, muuza vyombo vya jumla Mtaa wa Kongo, aliingia hospitali kwa miguu yake, akatolewa damu mifuko mitatu, akafa kabla kisu hakijamgusa. Mjane wake, Severa, aliona mifuko miwili yenye jina la mumewe kwenye friji ya hospitali, akaipiga picha na kuituma kwenye kundi la ukoo. Kufika adhuhuri picha hiyo ilikuwa kwenye simu za wauza ndizi wa Ilala, na lile neno mumiani, ambalo Zamzam alilisikia mara ya mwisho kwa bibi yake Lindi, likafufuka na kuvaa suti. Watu wakaenda kuvunja vioo vya hospitali. Mkuu wa kituo akaona heri daktari akamatwe kwa usalama wake na wa vioo vilivyosalia, na sasa alitaka jalada liende kwa mwendesha mashtaka leo hii, likiwa na neno mauaji juu yake.

"Lisemwalo lipo, Zamzam," Mkuu alimwambia asubuhi.

Zamzam hakuwa na ugomvi na methali, ila hiyo aliichukia. Kazi yake ilikuwa imemwonyesha mengi yaliyosemwa ambayo hayakuwapo na wala hayakuja.

"Nieleze tena," alisema sasa. "Mtu anakwenda kupasuliwa, wewe unamtoa damu. Mimi kwa akili zangu za kipolisi, huyo ni wa kuongezwa."

"Marehemu alikuwa na tezi dume," Joyceline alisema. "Upasuaji wake unavuja sana. Kwa kawaida tunawaita ndugu waje wachangie damu. Yeye alikataa katakata. Alisema ndugu wakiitwa watauliza anaumwa nini, na wakishajua, Kariakoo nzima itakuwa inamtazama suruali kabla ya jua kuzama."

"Mh. Hapo hakukosea."

"Basi nikampa njia nyingine. Mwanzoni namtoa damu yake mwenyewe, naiweka pembeni, namjaza maji ya dripu mahali pake. Ile inayobaki mwilini inakuwa imezimuliwa. Akivuja, anavuja damu nyepesi. Tukimaliza, namrudishia ile yake nzito. Si uganga, afande. Inafanyika huko na huko duniani."

"Na hiyo nyepesi inamtosha?"

"Inamtosha moyo ukikubali kufanya kazi." Joyceline alitafuta mfano ukutani, akaupata. "Umewaona wapagazi wakishusha kontena Kariakoo? Tuseme wako ishirini. Ukiwaondoa sita na mzigo ukabaki uleule..."

"Waliobaki wakimbie."

"Ndivyo. Damu iliyozimuliwa ina wabebaji wachache wa hewa. Moyo unatakiwa usukume kwa nguvu zaidi, uongeze na mwendo, mwili usikose haki yake. Moyo mzima unafanya hivyo bila kuambiwa. Ndiyo maana nilimpima kwanza, na vipimo vilikuwa vizuri."

"Kisha?"

"Nikatoa polepole, macho kwenye mashine. Mfuko wa kwanza, moyo haukutikisika. Nikafurahi. Nikasema moyoni, huyu mzee ni chuma. Wa pili, vilevile. Wa tatu unakaribia kujaa, presha ikaporomoka." Akainua kiganja, akakishusha polepole juu ya meza. "Presha inashuka, damu nyepesi, na moyo unatembea tu kama mtu anayetoka kanisani. Nikasimamisha kila kitu. Nikaanza kumrudishia damu yake, nikampa dawa za kuuamsha. Ukakataa kukimbia, afande. Ukatembea hivyohivyo mpaka ukasimama."

Zamzam alimwacha afute uso. Ripoti ya daktari wa maiti ilikuwa mezani kwake tangu jana: hakuna mshipa uliopasuka wala kuziba. Mwili wa mtu aliyekufa bila sababu ni kero kwa polisi, maana watu hawataki bila sababu, watakuletea ya kwao.

"Moyo unaweza kukataa kukimbia wenyewe?"

"Ukiwa mgonjwa. Au ukiwa umezuiwa."

"Na nini?"

"Dawa. Zipo za presha zinazoukalisha moyo kitako. Lakini nilimuuliza uso kwa uso: baba, unatumia dawa yoyote? Akaniambia hata panadol hamezi." Joyceline akainua macho. "Mimi nina mtoto wa miaka miwili, afande. Nikifungwa kwa kuua, atalelewa na nani? Nimemuua huyu mtu au sikumuua? Hata mimi nataka kujua."

Zamzam hakuwa na tabia ya kukopesha majibu asiyonayo. Alinyanyuka, akaagiza daktari aletewe chai.

*

Hospitalini, muuguzi Matilda alimpeleka moja kwa moja kwenye friji. Alikuwa mwanamke mwenye mwili na hasira za siku tatu.

"Hii hapa miwili. Na huu wa tatu, kabla hujauliza." Akamnyooshea mfuko mtupu ndani ya plastiki, kuta zake zimeganda wekundu, mrija wa kumwekea mgonjwa ukiwa bado umening'inia. "Tulimrudishia wote. Niliutoa kwenye taka mwenyewe nilipowasikia wanasema tumeuza."

Zamzam aliugeuza mfuko kwenye mwanga. Mfuko wa kutolea damu una mrija wake mmoja uliofungwa ncha. Huu ulikuwa na huo, na mwingine umechomekwa, ule wa kumwongezea mgonjwa damu. Damu ilitoka na ikarudi. Mumiani gani huyo anayerudisha? Aliitia lakiri mifuko yote mitatu, akasaini, na kumwamuru konstebo aliyekuja naye aipeleke kwenye maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Damu iliyotolewa kabla mtu hajafa ni shahidi ambaye hata jeneza haliwezi kuondoka naye. Ila shahidi huyo angechukua siku zake kusema, na Mkuu alitaka jalada leo.

"Alikuwaje alipofika?" alimuuliza Matilda.

"Safari ya kwanza au ya pili?"

Zamzam aligeuka. "Kulikuwa na ya kwanza?"

"Alikuja mapema mwezi uliopita. Tukampima, moyo unamdunda kama ngoma ya harusi. Woga tu, wanaume wakubwa ndio waoga kuliko wote. Daktari akamwambia arudi nyumbani, atulie, tutampangia siku nyingine. Akawaka! Akasema Desemba lazima awe kwao Kibosho, mwaka huu zamu ni ya kwake kuchinja, hawezi kwenda na mpira wa mkojo mbele ya ukoo. Na akasema akirudishwa tena, harudi."

"Na safari ya pili?"

"Katulia kama maji mtungini. Tukampongeza."

"Mkampongeza," Zamzam alirudia taratibu. Mtu mwoga hapotezi woga kwa kuahirishiwa kisu. Woga huo ulikwenda wapi? "Asubuhi ile alikula chochote?"

"Hapana. Anayepasuliwa anafunga."

"Hata maji?"

Matilda alisita. Kusita kwa mtu mwenye majibu ya haraka ni kitu ambacho Zamzam alikipenda kuliko kukiri.

"Funda moja," muuguzi alisema hatimaye. "Niliingia wodini nikamkuta na kikombe, mkewe kamshikia. Nikawakemea. Mama akasema midomo imemkauka, ni ya kulowesha tu. Funda moja halina neno, nikaliacha. Nilikosea?"

"Bado sijajua," Zamzam alisema. "Ungeniambia jana ningejua mapema."

*

Kutoka hospitalini hadi Mtaa wa Kongo alitembea. Kichwa chake kilifanya kazi vizuri zaidi miguu ikiwa na shughuli, na Kariakoo humpa mguu shughuli ya kutosha: huku mikokoteni, kule mabinti wa madera wanakuita dada'ngu kabla hujawatazama. Ikiwa Polycarp alimezeshwa kitu cha kuukalisha moyo, nani alifaidika moyo huo ukikaa?

Jibu la kwanza lilikuwa limesimama mlangoni mwa duka la marehemu, likiteremsha shata nusu. Hillary Mushi, mdogo wake Polycarp, ndiye aliyefungua kesi ya daktari, na ndiye aliyekuwa na funguo sasa. Nyuma yake masufuria yalipangwa hadi darini.

"Pole na msiba," Zamzam alisema.

"Asante, afande. Mnampeleka lini mahakamani yule mnyonya damu?"

"Nikishajua alichofanya. Kaka yako alikuambia anakwenda kupasuliwa?"

Uso wa Hillary ulijikunja. "Hakuniambia. Alisema anakwenda Mwanza kufuata mzigo. Nilijua amelazwa nilipopigiwa simu kwamba amekufa."

"Mnafanya kazi duka moja, na hukujua anaumwa?"

"Nilimwona anakwenda chooni kila saa. Nikamtania, nikamwambia kaka, unauza maji? Akanuna siku nzima." Hillary alishika shata, akaliachia. "Afande, unaniangalia kama mimi ndiye mwizi wa kuku. Asubuhi ile nilikuwa bandarini tangu alfajiri, natoa kontena. Kawaulize mawakala, walinikoma kwa kelele zangu."

Zamzam angeuliza, na aliuliza, kwa simu, palepale, mbele yake. Wakala wa forodha alicheka na kusema kelele za Hillary zilisikika mpaka Kivukoni. Aliyemezesha, kama alikuwapo, alimezesha wodini. Jibu la kwanza likaanguka, na Zamzam akashangaa kuona kwamba hakufurahi. Lililobaki lilikuwa na kikombe mkononi.

"Kaka yako alikuwa anatumia dawa?"

"Polycarp? Alikuwa anaogopa dawa kama paka na maji. Dawa zote za nyumba ile ni za shemeji. Presha." Akaelekeza kidevu ng'ambo ya barabara. "Ananunua pale kwa Amira."

Duka la dawa la Amira lilikuwa jembamba kama ujia, na Amira mwenyewe alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Zamzam aliuliza kama marehemu Polycarp alikuwa mteja.

"Hajawahi kutia mguu humu. Mke wake ndiye, Mama Aaron. Ananunua za presha na hizi za kuzuia moyo kwenda mbio." Akaweka pakiti juu ya kioo. "Ana cheti cha daktari, usinitazame hivyo. Kila mwezi, haruki. Ila mwezi huu kaja kabla ya wakati. Kasema zimeisha."

"Zinaishaje kabla ya wakati?"

"Labda zimeanguka majini. Labda anagawana na mtu. Si unatujua? Nyumba nzima inameza dawa za mgonjwa mmoja, jirani akija anaumwa kichwa naye anapewa. Nawaambia kila siku, dawa si ugali."

Zamzam alichukua ile pakiti na kuisoma upande wa nyuma, ingawa alikwisha kujua. Alihuzunika, na hakujificha kwamba amehuzunika. Alikuwa anamtafuta muuaji, na njia yote ilikuwa inampeleka kwa mtu aliyependa.

*

Ilala, turubai lilikuwa limefungwa kutoka ukuta hadi ukuta wa jirani. Koasta mbili za kwenda Kibosho zilikuwa tayari na jeneza lilikuwa limekwisha kuingizwa katika ile ya mbele. Wanaume wa ukoo walisimama kwa mafungu, Hillary akiwa kafika na kuvaa koti jeusi. Fungu la vijana lilikuwa linasema wazi kwamba, wakishazika, watarudi kumalizia vioo vya hospitali, na si vioo tu.

Severa alikuwa chumba cha ndani, ameketi juu ya godoro chini, kitenge kimemfunika mabega. Zamzam aliomba wanawake wawapishe.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Mmeupata na mfuko wa tatu?"

"Tumeupata. Alirudishiwa mzee mwenyewe. Hakuna damu iliyouzwa, mama." Zamzam aliketi kwenye ukingo wa godoro, viatu amevivua mlangoni. "Nina swali moja, na kabla hujalijibu, ujue mimi hapa ni polisi. Utakachosema nitakiandika. Una haki ya kunyamaza, au ya kusubiri wakili."

"Ninyamaze nini? Sina cha kuficha."

"Asubuhi ile wodini, lile funda la maji. Alimezea nini?"

Severa hakusita hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza Zamzam. Mama aliinua kichwa kama mtu aliyeulizwa habari ya wema wake.

"Vidonge vyangu, vya moyo. Nilimwanzishia tangu walipomrudisha mara ya kwanza. Usiku halali, moyo unamkimbia, anasema Severa wataniahirisha tena, nitakwenda Kibosho na mpira? Mimi navijua hivyo vidonge, vinanituliza miaka yote. Nikampa kimoja kimoja, na siku yenyewe nikampa viwili. Wakampima, wakamsifu." Machozi yalimteremka bila sauti kubadilika. "Ningemwacha mume wangu ateseke na dawa iko kwenye pochi yangu?"

"Daktari alipomuuliza kama anatumia dawa?"

"Nilimwambia aseme hapana. Wangemrudisha."

Nje mtu alipiga honi ya koasta. Zamzam alijua maneno ya kipolisi ya kusema hapa, na hayakuwa na faida. Akaeleza kwa mfano wa wapagazi wa Joyceline, kwa sababu hakuwa na mwingine bora: waliondolewa wachache, waliobaki ilibidi wakimbie, na vidonge vilikuwa vimewafunga miguu.

Severa alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake ilikoma kupapasa kitenge.

"Daktari angejua, angefanyaje?"

Zamzam angeweza kudanganya. Msiba una nafasi ya uongo mdogo mdogo, kila mtu anauleta wake pamoja na mchele. Lakini kulikuwa na mwanamke mwingine mahabusu, ana mtoto wa miaka miwili, anauliza kama ameua.

"Angeiacha ile njia ya kumtoa damu. Au angesubiri dawa itoke mwilini, kwa mpango wa daktari."

"Asubiri muda gani?"

"Siku chache, mama."

"Siku chache." Severa aliinamisha uso hadi magotini, na kutoka humo ikatoka sauti ambayo Zamzam hakutaka kuisikia tena maishani mwake. Haikudumu. Mama alipoinuka alitafuta pochi yake, akatoa karatasi ya vidonge iliyobaki, akaiweka mkononi mwa Zamzam na kuukunja mkono ule.

"Mtamfungua lini yule daktari?"

"Nikimpigia Mkuu sasa hivi, nikipata maelezo yako, leo hii. Ukoo si lazima ujue leo. Kazike kwanza. Utakuja kituoni ukirudi, na mwendesha mashtaka atalitazama. Mimi nitaandika nilichokiona: mke aliyemhurumia mumewe."

Zamzam alitoka nje kupiga simu. Mkuu alinung'unika, akauliza mara mbili kama ana uhakika, kisha akasema daktari ataachiwa. Alipogeuka, Severa alikuwa amesimama chini ya turubai, peku, kitenge kimeanguka bega moja, na mbele yake lile fungu la vijana lilikuwa limemgeukia.

"Sikilizeni," alisema, na hakupaza sauti. "Daktari hakumnyonya mtu damu. Polycarp alikuwa na tezi dume, akaona aibu. Alikataa msiitwe kuchangia. Mimi nikampa vidonge vyangu, na mimi nikamwambia amfiche daktari. Vidonge ndivyo vilivyomzuia moyo. Anayetaka kurusha mawe asiende hospitali, mimi niko hapa."

Bibi mmoja akaziba mdomo kwa kanga. Mzee mmoja akaanza, "Mficha maradhi..." na aliyekaa naye akamfinya, methali ikafia njiani. Zamzam alisogea karibu na mjane, maana alikuwa akimtazama Hillary, na mikono ya Hillary ilikuwa imekunjika ngumi.

Hillary alikuja hadi mbele ya shemeji yake. Alipumua kama mtu aliyepanda ghorofa nyingi.

"Aliona aibu kwa nani?"

"Kwa watu, shemeji."

"Kwangu?"

Severa alimtazama. "Kwako kuliko wote. Alisema ulimtania choo."

Hapo ngumi zilifunguka. Hillary, aliyesikika bandari nzima, akaanza kulia. Akakunja mkono wa koti lake jeusi hadi juu ya kiwiko, akaunyoosha mkono mtupu mbele ya Severa, kwa Zamzam, kwa yeyote, mishipa imemtoka.

"Si angeniita tu," alisema. "Mimi ni mdogo wake. Angeniita, ningetoa yote."

Severa aliushika ule mkono. Alimshushia mkono wa koti taratibu mpaka kiganjani, na Hillary, bado akimlilia kaka yake kwa sauti, akamfungulia mlango wa koasta ya mbele.